Binti wa Seremala na Madirisha ya Aluminiamu

Kwetu dirisha lilikuwa mbao, basi. Marehemu baba alikuwa seremala Muheza, jirani na shamba la miti la Longuza, na mbao aliyoipenda ilikuwa mtiki, mti ambao Wajerumani waliuleta nchini mwishoni mwa karne ya 19. Mninga na mkongo alizipata mara chache, kwa wateja wenye fedha. Aluminiamu aliiita sufuria. Mteja akiitaja, baba alimwuliza kwa upole kama anajenga nyumba au jiko.

Nami niliiamini imani hiyo hadi utu uzima. Leo nyumba yangu ya Tanga mjini ina madirisha mengi ya aluminiamu, mawili ya mbao na moja la plastiki. Wadogo zangu wakija huniuliza kama nimerogwa. Nimeona nieleze mara moja, kwa maandishi.

Hoja yangu kuu dhidi ya aluminiamu ilikuwa joto, na si hoja ya uongo. Metali hiyo hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao. Shika fremu iliyopigwa na jua la magharibi saa tisa alasiri, utauondoa mkono haraka. Isitoshe nilikuwa nimepanga miaka kadhaa katika nyumba yenye vioo vya kusukuma, na chumba changu kilikuwa tanuri. Nikasema: ndiyo hiyo aluminiamu.

Ujenzi wa nyumba yangu ulipofika kwenye lenta, ushauri ulimiminika. Shemeji yangu anayeishi Ujerumani alinipigia simu kunisihi niweke ya plastiki, ile PVC ngumu, yenye vioo viwili. Kwao ana haki. Madirisha hayo yalianzia huko huko Ujerumani miaka ya 1950, na Marekani nako yameenea sana, kwa kuwa mtu anayelipia joto la ndani wakati wa baridi hataki fremu inayolitorosha nje. Lakini Tanga nani anawasha moto sebuleni? Madirisha yetu yako wazi mchana kutwa, hewa ya ndani na ya nje ni ile ile. Wakati namweleza shemeji hivyo ndipo nilipojisikia: kama fremu ya plastiki hainisaidii kitu kwa joto, basi na fremu ya aluminiamu hainidhuru kwa kiasi nilichokuwa nadai. Ubavu wa fremu ni mwembamba. Jua lililokuwa likinichoma kwenye chumba cha kupanga lilipita kwenye kioo kipana kisicho na kivuli, na upepo wa kulipoza haukuwa na pa kuingilia.

Aliyenimalizia somo ni kijana mmoja fundi aluminiamu. Nilimwendea kwa shingo upande, kuulizia bei tu. Akaniambia, "Mama, dirisha la kusukuma, nusu yake haifunguki maisha. Kioo kimoja lazima kikae nyuma ya mwenzake. Ukitaka hewa yote, nikuwekee la bawaba." Akanionyesha moja: aluminiamu ile ile, ila linafunguka kama mlango, shimo lote linabaki wazi. Nilisimama mbele yake nikijisikia mjinga kidogo na mwenye furaha sana. Nilichokichukia miaka yote kilikuwa ule mtindo wa kusukuma.

Nikamwuliza kwa nini basi kila mtu anaweka ya kusukuma. Akacheka: "Grili, mama." Dirisha linaloteleza halisumbuani na grili wala wavu wa mbu. La bawaba linafunguka nje, kwa hiyo grili na wavu lazima viingie ndani, na lazima uachiwe kidirisha cha kupitishia mkono ili ulifunge mvua ikija. Ni kazi zaidi na fedha zaidi. Nimeilipa. Grili moja katika kila chumba cha kulala nimetaka iwe na bawaba na kufuli, ufunguo ukutani karibu yake, maana nyumba ikishika moto, chuma kilichochomelewa hakiulizi nani mwizi nani mwenye nyumba.

Bahari nayo ina yake. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, lakini chumvi huitoboa vitundu na kuacha unga mweupe. Fremu zangu zimepakwa rangi ya unga ya kiwandani, na tunaziosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Skrubu nilizikagua mwenyewe. Mafundi wengi huweka za chuma cha kawaida kwa sababu hazionekani, na baada ya masika chache utaona michirizi ya kahawia ikishuka ukutani. Sisitiza ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Mbao sijaiacha. Madirisha mawili ya barazani, chini ya paa refu ambako mvua haifiki, ni ya mtiki, yenye vibao vya mlazo kama yale ya Mji Mkongwe wa Unguja. Ukiyafunga, jua linabaki nje na upepo unaendelea kupita; hilo hakuna kioo kinachoweza. Lakini nilichagua mbao kwa macho ya baba. Weupe wa mtiki ni chakula cha mchwa. Kinachostahimili ni kiini chake cha kahawia. Na mbao mbichi, hata iwe ya mti gani, itajipinda ikishakaa ukutani, na madirisha mengi ya mbao hukwama masika na kulegea kiangazi. Ningeyaweka upande wa magharibi, ningekuwa mtumwa wa msasa na vanishi. Nina kazi nyingine.

La plastiki liko bafuni, jeupe, halina habari. Halihitaji rangi wala halijui kuoza. Jua kali ndilo adui yake, hasa likiwa la rangi ya giza, kwani PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Mafundi wake huku ni wachache. Luva nilizifikiria pia, kwa sababu hupitisha karibu hewa yote, nikaziacha: vile vioo huchomolewa kimoja kimoja, na mvua ya upepo wa kusi haizitambui kama zimefungwa.

Nadhani baba angenung'unika kidogo, kisha angeenda kufungua na kufunga yale ya barazani mara kadhaa, asikilize bawaba.

Nawe uliye kwenye lenta sasa hivi, usianze na swali la mbao au aluminiamu. Ingia katika kila chumba alasiri, uone jua linapiga wapi, kaskazi na kusi vinaingilia wapi, na upande huo udai dirisha linalofunguka lote. Kisha mwombe fundi akupeleke kwenye nyumba aliyoifunga madirisha miaka miwili nyuma, karibu na bahari, uyafungue kwa mkono wako. Akisita, usitoe malipo ya awali.