NYOTA YA MTOTO

Sisi waalimu wa vyuo huulizwa mengi na wazee wa watoto, na moja katika hayo halikomi: "Mwalimu, mwanangu huyu nyota yake ni ipi?" Mama huuliza kwa kuwa mtoto halali usiku. Baba huuliza kwa kuwa mtoto ni mkaidi, au ni mzito wa kushika, naye ataka kujua mapema kama atafaa kwa masomo au kwa biashara. Hawaulizi kwa ubaya; huuliza kwa mapenzi. Kwa hivyo swali hili halistahiki ukali, lastahiki jawabu yenye hoja.

Kwanza yatupasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Iko ilimu ya falaki, nayo ni hisabu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota. Hiyo ni neema. Katika Suratu Yunus Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hisabu, na katika Suratul An'am kuwa nyota ni uongozi wetu katika giza la bara na bahari. Kwa ilimu hii manahodha walivuka bahari kwa majahazi, na kwa ilimu hii Ibnu Shatir, mshika nyakati za Sala katika msikiti mkuu wa Damascus, alitengeneza saa ya jua mwaka 1371. Ama kudai kuwa nyota hutoa tabia ya mtoto na riziki yake, huo ni unajimu, na ni jambo jingine kabisa.

Natuitazame hisabu yenyewe inavyofanywa kwetu. Huchukuliwa jina la mtoto na jina la mama yake, zikahisabiwa herufi zake kwa abjadi, ambayo alifu ni 1 na ghaini ni 1,000. Jumla hugawanywa kwa 12, na baki ndiyo nyota. Tuseme mtoto ni Ali na mama yake ni Fatuma. Ali ni aini 70, lamu 30 na ye 10, jumla 110. Fatuma ni fe 80, alifu 1, to 9, mimu 40, kisha ile te ya mwisho iliyofungwa. Mwenye kuihisabu te hiyo kama he huipa 5: jina huwa 135, jumla ya yote 245, baki 5. Basi Ali ni Asadi, yaani Simba. Mwenye kuihisabu kama te kamili huipa 400: jina huwa 530, jumla ya yote 640, baki 4. Ali sasa ni Saratani, yaani Kaa! Na ikiwa Ali huyu amezaliwa tarehe 10 Januari, gazeti litasema kuwa yeye ni Mbuzi. Lakini lau tungaliweza kuziona nyota mchana wa siku hiyo, tungalilikuta jua limo katika kundi la Mshale. Kwani mhimili wa dunia huyumba pole pole, kiasi cha digrii moja kwa miaka 72, na tarehe za magazeti ni za mbingu ya miaka 2,000 hivi iliyopita. Mtoto ni mmoja, nyota ni nne. Jee, mzee amlee kwa ipi?

Huenda mtu akasema kuwa wajuzi wakubwa hawakosei. Hilo nalo limejaribiwa. Mwaka 1985 jarida la ilimu liitwalo Nature lilitoa khabari ya majaribio ya Shawn Carlson, huko Marekani. Wanajimu walipewa ramani ya nyota za mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia, moja tu likiwa lake, wakaambiwa wachague. Walipatia kiasi cha mara moja katika tatu, sawa na mtu achaguaye amefumba macho.

Na dini yetu ilikwisha kulikata neno hili katika msiba wa mtoto. Mwaka wa 10 wa Hijra (632) alikufa Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), angali mchanga wa kunyonya, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kufa kwake. Mtume, na huzuni yake yote, hakuliacha neno hilo lipite. Aliwafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa mwana wa Mtume hakufungamanishwa na jua, wana wetu tuwafungamanishe na Kaa na Mbuzi kwa dalili gani?

Madhara ya jambo hili si ya itikadi peke yake. Nimesomesha zaidi ya miaka 30, na nimewaona watoto waliobandikwa nyota kama bidhaa inavyobandikwa bei. Mmoja aliletwa chuoni ana umri wa miaka minane. Kwao ilikwisha semwa kuwa nyota yake ni ya udongo, nzito, na kuwa jina limemlemea. Jina likabadilishwa, fedha zikatolewa, na mtoto hakushika kitu. Juma lile la kwanza niliona kuwa nikimwita kwa nyuma hageuki, na nikisoma mbele yake hunitazama midomo. Niliwashauri wazee wake wampeleke hospitali, na masikio yake yote mawili yakakutwa na usaha wa siku nyingi. Akatibiwa, akakalishwa safu ya mbele, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefika Suratul Mulk. Miaka miwili watu walikuwa wakitazama juu, na ugonjwa uko chini ya kofia yake.

Namna ya kumjua mtoto Mtume alituonyesha kwa Zaid bin Thabit. Zaid alipoletwa kwake Madina, watu walimweleza kuwa kijana huyu amekwisha hifadhi sura zaidi ya kumi. Mtume hakuuliza amezaliwa saa ngapi. Alimtaka asome, akamsikiliza, akapendezwa naye. Kisha akamwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda mchache. Ni Zaid huyo ambaye baadaye Sayyidna Abubakar alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani.

Basi enyi wazee wenzangu, mtoto asiyelala usiku mtazameni tumbo, sikio na joto la mwili. Mkaidi mtazameni anacheza na nani, na nani humuaibisha mbele ya watu. Mzito wa kushika mpimeni macho na masikio kabla ya kumpima akili. Mkae naye, mmsikilize asomapo, mjue anachokipenda na anachokiogopa. Hisabu hii haina ada, ila yataka muda na subira, na hapana mtu mwingine awezaye kukufanyieni.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuwaona watoto wetu kama walivyo, na awafanye kitulizo cha macho yetu. Amin.