Jini Hapandi Kizimbani

Naandika riwaya. Kaunta buku mbili zimeshajaa, ya tatu nimefika katikati. Ni riwaya ya mauaji, na ndani yake mna majini, mapenzi na siasa. Nikimweleza mtu hivyo huwa anacheka kwanza, halafu ananiuliza swali lile lile ninaloulizwa na kila mtu: "Sasa si mganga apige tu ramli, muuaji ajulikane, hadithi iishe?"

Swali hilo si la kupuuza, ndugu msomaji. Nimelala nalo siku nyingi. Nataka kulijibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma kurasa hizi nanyi mna madaftari yenu chini ya godoro, na huenda katika mojawapo kuna jini.

Kisa changu kwa ufupi ni hiki. Mtaa mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam, nyumba za kupanga, choo kimoja uani. Wiki tatu kabla ya uchaguzi, mgombea udiwani anakutwa amekufa ndani ya gari lake. Milango imefungwa, mwilini hana hata mchubuko. Katika mji wa riwaya yangu majini wapo kweli. Wanapanga vyumba kama sisi, wanapanda daladala, na konda anawajua kwa sababu hawadai chenji. Wana wazee wao, na wazee hao hutembelewa usiku na wanasiasa wanaokuja kuomba kura za wasioonekana. Kila chama kina upande wake huko. Sasa mtaa mzima unasema marehemu ameuawa na bibi mmoja wa chumba cha uani, ambaye inasemekana anafuga. Bibi ana mjukuu wa kike. Na kijana wangu, mwandishi wa gazeti la udaku anayelipwa kwa kila habari, anampenda huyo mjukuu. Majina yao nimeyabadilisha mara tatu, kwa hiyo hapa niwaite tu kijana, binti na bibi.

Kijiweni kwetu nimewasomea washikaji sura tano za kwanza. Walizipenda, hasa yule konda. Lakini kinyozi wetu, ambaye ndiye msomaji mkali kuliko wote, alizima mashine akasema: "Dogo, watu wanataka jina. Umeweka majini, umeweka wazee wa majini, halafu kijana anahangaika kutafuta ufunguo wa akiba wa gari! Jini si alikuwepo? Amuulize jini."

Jibu langu la kwanza ni la kifundi. Hadithi ya upelelezi ni mapatano kati ya mwandishi na msomaji. Anachokiona mpelelezi, msomaji naye akione. Nikisema sura ya tatu kwamba ufunguo wa akiba haujulikani uliko, nimekupa wewe kazi ya kufanya. Unaweza kulala ukiufikiria. Lakini jini akija sura ya ishirini akanong'ona jina, wewe uliyesoma kurasa mia mbili umekaa bure. Ni kama mtu kukuchezesha bao halafu mwisho anazikusanya kete zote kwa mkono.

Na jambo hili halikuanza na mimi. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar, alilijua zamani. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960, na wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyoifungulia njia riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Angalia alivyoanza: maiti inakutwa mzimuni, mahali pa kutambikia. Mtu mvivu angesema wazee wa kale wamekasirika, basi. Bwana Msa, na kiko chake, haridhiki. Anataka kujua nani alikuwa wapi na nani ana faida. Yaani riwaya yetu ya upelelezi ilizaliwa palepale mzimuni, ikauliza maswali pale ambapo watu wamezoea kunyamaza.

Ila kuna kitu kimoja ambacho sitaki kumfuata Bwana Msa. Akishamaliza kazi yake, mzimu unabaki mawe na miti tu. Mimi sitaki mwisho wa riwaya yangu jini avuliwe shuka akutwe ni mtu. Nimekulia mtaa ambao ngoma za majini zilikuwa zikipigwa mpaka alfajiri, na ubani ukinukia mpaka kwetu. Majini ni wa mji huu kama ulivyo mlio wa konda na harufu ya mihogo ya kukaanga. Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimtoa babu kaburini aje amsute mjukuu wake aliyenona katika madaraka, na riwaya ile haikupungukiwa ukweli wowote. Kwa hiyo mwujiza unaweza kukaa ndani ya riwaya ya siasa. Tatizo ni kazi gani tumpe.

Hapo ndipo jibu langu la pili linapoanza, na hili si la kifundi.

Wazee wanasimulia habari za Popobawa wa mwaka 1995. Mimi sikuwa nimezaliwa. Ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja: kitu chenye jina la popo na bawa, kinaingia majumbani usiku na kuwadhalilisha watu. Watu walihama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi kurudishwa, na haikuchukua muda kiumbe huyo naye akapewa chama. Huyu anasema katumwa na wale, wale wanasema katumwa na hawa. Bwana wee, hiyo ni riwaya tayari. Mtu angeandika hivyo leo tungesema ana kipaji. Lakini ndani ya kisa hicho kuna mtu aliyekufa kweli. Mjini Zanzibar umati ulimuua mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili kwa kudhani yeye ndiye Popobawa. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi.

Sogea mbele. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti mkoani Kigoma, watu saba waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Polisi walikamata watu 23, na miongoni mwao alikuwemo mganga wa kienyeji. Huko Kanda ya Ziwa akina bibi wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa sababu wamepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka maisha yao yote, moshi umewaingia. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu mtu fulani alimwambia mtu mwingine kwamba kiungo chao kinaleta utajiri au ushindi. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo. Mwaka huo huo, Oktoba, ulikuwa na uchaguzi mkuu, na waliokuwa wakiwatetea watu wenye ualbino walikuwa wakionya kwamba hatari huongezeka uchaguzi unapokaribia.

Sasa nirudi kwa kinyozi wetu. Nikiandika riwaya ambamo mganga anatupa ramli, anataja jina, na jina ni lenyewe, nitakuwa nimesema nini? Nitakuwa nimesema njia ile inafaa. Kwamba kule Murufiti tatizo lilikuwa labda mganga hakuwa hodari. Msomaji atafunga kitabu ameburudika, na siku mtoto wa jirani atakapofariki ghafla, ataikumbuka ile ramli iliyopatia.

Kinyozi alinijibu, na jibu lake halikuwa la kijinga. Alisema, "Hadithi ni hadithi. Mtu hawezi kumchoma bibi kisa amesoma riwaya. Halafu wewe unaogopa mambo ya kwetu, unataka kuandika kama wazungu." Vijana wakamshangilia. Mimi nikakaa kimya, si kwa kukosa la kusema, bali kwa sababu nilikuwa namkumbuka mama mmoja muuza vitumbua.

Mama huyo alipanga nyumba moja na sisi nilipokuwa darasa la tano. Mtoto wa mpangaji mwingine aliugua siku mbili akafariki. Wazazi wakaenda kwa mtaalamu, wakarudi na maneno: aliyefanya hivi ni mwanamke, anaishi jirani, anaamka kabla ya adhana. Sasa muuza vitumbua ataamka saa ngapi? Hakuna aliyemgusa, nashukuru. Walichofanya ni kuacha kununua vitumbua. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Beseni linatoka limejaa, linarudi limejaa. Mama yangu alikuwa akinituma nikanunue vya mia tano, nami nilikuwa nakwenda huku macho ya uani mzima yananifuata mgongoni. Mwisho wa mwezi yule mama alifunga virago. Sijui alikohamia. Ninachojua ni kwamba katika siku zote zile hakuna mtu aliyekaa naye akamuuliza neno. Ramli ilikuwa imeshamaliza maswali.

Ndiyo maana nimejiwekea sheria, na nawapa nanyi muipime. Jini katika riwaya yangu anaruhusiwa kila kitu. Apande daladala, adai kodi, apende, asengenye, auze kura. Haruhusiwi kumtaja muuaji na sisi tukaamini kwa kuwa ni jini. Akitaja, neno lake lipimwe. Jini naye ana chama chake, ana deni, ana mwenye nyumba anayemwogopa. Jini anaweza kudanganya. Shahidi wa kawaida hupanda kizimbani, wakili wa upande wa pili akamkaba maswali mpaka jasho limtoke. Jini hapandi kizimbani. Na tena kuna kichekesho hapa ambacho kimenipa sura nzima: Sheria yetu ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 enzi za Mwingereza, inafanya kuwa ni kosa mtu kujitangaza kuwa ana nguvu za uchawi. Kwa hiyo inspekta wangu akimpata mtu aliyezungumza na jini wa kwenye gari, mtu huyo hawezi kutoa ushahidi bila kujiingiza mwenyewe ndani. Siasa za majini zinastawi hapohapo, kwenye kiza cha mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeweza kuyasema mbele ya hakimu.

Mtaniuliza, na mapenzi je? Mapenzi ndiyo yaliyonisumbua kuliko majini. Maana kijana wangu, kwa kumpenda binti, ameshaamua kwamba bibi hana hatia. Kabla ya kutafuta chochote! Mtaa umehukumu kwa ramli, yeye amehukumu kwa moyo, na wote wawili hawana hata kipande cha ushahidi. Nikimwachia hivyo atakuwa shujaa wa bei rahisi. Kwa hiyo sura ya kumi na mbili nimemfanya aanze kupekua kwa haki, mpaka chini ya kitanda cha bibi. Binti anapojua, anamwambia, "Kumbe na wewe umo." Hasemi tena naye kwa sura nne. Kuziandika sura hizo nne kuliniuma, maana najua kijana anafanya jambo la haki na najua binti naye ana haki ya kukasirika. Demu aliyezoea kuona watu wanamkwepa bibi yake hawezi kumpokea kwa furaha mpenzi anayepekua chini ya kitanda.

Wenzangu mnaoandika, sisemi tuache majini. Magazeti yetu ya hadithi yamewalisha wasomaji majini kwa miaka na wasomaji bado wana njaa. Nasema tu kwamba mji wetu una watu wanaokaa chumba cha uani wakisubiri kusikia jina lililotajwa, na baadhi yao watasoma tunachoandika, au kitasomwa na jirani zao. Kinyozi anasema nitapoteza wasomaji. Inawezekana. Ila wiki iliyopita aliniuliza, kwa sauti ya chini wakati ananinyoa, kama ule ufunguo wa akiba alikuwa nao mke wa marehemu. Sikumjibu.

Sasa hivi niko sura ya kumi na saba. Nilirudi nyuma nikasoma tangu mwanzo, nikagundua kwamba katika kaunta buku mbili na nusu kila mtu ameshasema habari za bibi: jirani, mgombea mpya, wazee wa majini, inspekta, hata binti. Ni kweli, ndivyo mtaa unavyokuwa. Basi katika sura hii kijana anavua viatu uani, anabisha hodi, anasema, "Shikamoo bibi. Usiku ule ulikuwa wapi?" Bibi anasogeza kigoda, anamwambia akae, kwa sababu jibu ni refu.