Taa ya Kunusia

Karakana ya ami yangu pale Ngamiani, Tanga, imebomolewa kupisha maduka. Katika vitu tulivyowahi kuviokoa kulikuwa na kitaa cha shaba chenye mpira mwembamba ubavuni. Mjukuu wa ami, kijana fundi wa simu tena hodari, alikigeuzageuza akaniuliza, "Ba'mdogo, hiki ni cha kuchemshia chai?" Nilimtazama baba yake ajibu. Naye hakujua.

Ni taa ya kunusia gesi. Juu ya mwali wake pana kipande cha shaba, na ule mpira huvuta hewa na kuipeleka kwenye moto. Ami aliupitisha taratibu kwenye mabomba ya friji, kiungo baada ya kiungo, na wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kusema. Mwali wenyewe ni wa buluu. Penye tundu, hata likiwa dogo la kutoonekana kwa macho, gesi ya R12 huvutwa na mpira, klorini iliyomo hukutana na shaba iliyopata moto, na mwali hugeuka kijani. Kabla ya kuiwasha alifungua madirisha yote, kwa kuwa gesi ile ikiungua hutoa moshi wa sumu. Sisi watoto tulijipanga nje dirishani kuingoja ile rangi. Sijaona tena kijani cha namna ile.

Risiti kongwe niliyoikuta ni ya 1974. Wazee wa mtaa wanashikilia kwamba karakana ilikuwepo kabla ya hapo. Tuache.

Ukiingia, pua ilikutana kwanza na mafuta ya kompresa iliyoungua, kisha mafuta ya taa. Haya ya pili yalitokana na friji za utambi, zilizoletwa kutoka Handeni, Lushoto na Pangani, kwenye misheni na zahanati zisizo na umeme. Kanuni yake waliibuni wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922: amonia, maji na haidrojeni ndani ya mabomba yaliyozibwa, moto mdogo chini, baridi juu, wala hakuna kinachozunguka. Friji hizo hazikuwa na sauti kabisa. Lakini zilitaka kusimama sawasawa, na ami hakumkabidhi mtu friji yake kabla ya kumfundisha kuipima kwa pima maji na kuukata utambi mpaka moto uache kutoa masizi. Iliyogoma aliipindua kichwa chini, miguu juu, ikalala hivyo usiku kucha ili vimiminika vilivyokwama virudi mahali pake. Mara nyingi ilipona. Mganga mmoja wa zahanati alifika na friji ya chanjo juu ya lori la mkonge, akalala karakanani kando yake. Chanjo hutaka nyuzi 2 hadi 8, na kijijini kwake kulikuwa na watoto wanaosubiri.

Miaka ile ya foleni, bidhaa zilipoadimika, kompresa mpya haikupatikana. Ami alilikata ganda la iliyoungua kwa msumeno wa chuma, akaisuka upya mota yake, akalirudisha ganda na kulichomelea. Kisha alivuta hewa yote mabombani kwa kutumia kompresa kuukuu aliyoigeuza pampu, na hapo hakuwa na haraka. Unyevu ukibaki ndani huganda kwenye mdomo wa kijibomba chembamba kinachopitisha gesi, nayo ikazibwa njia, na friji inakataa kugandisha ilhali inanguruma. Friji ya mama ilitengenezwa hivyo. Barafu zake za ukwaju ndizo zilizoninunulia madaftari.

Halafu ikaja habari ya tabaka la ozoni. Molina na Rowland walikuwa wameonya tangu 1974. Mkataba ukatiwa saini Montreal mwaka 1987, na nchi kama zetu zikapewa hadi 2010 kuachana na gesi za aina ya R12. Ami hakubisha. Alisikitika, kwani kwa miaka mingi kila fundi aliiachia gesi ile hewani ili kusafisha bomba. Gesi mbadala, R134a, ilipofika, mafuta ya kompresa ya zamani hayakuchanganyika nayo. Haina klorini, na taa ikawa kipofu: aliipitisha kwenye friji iliyokuwa ikivuja waziwazi, mwali ukabaki wa buluu. Akaitundika ukutani, akaanza kutumia povu la sabuni.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Leo friji nyingi mpya zina R600a, isiyodhuru ozoni wala kuongeza sana joto la dunia, na kwa friji ya nyumbani kiwango kimewekwa kisizidi gramu 150. Kompresa za inveta hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, na taa za nyumba hazififii tena friji inapoanza. Ni mashine bora kuliko zote alizozishika ami, nami nasema hivyo bila kinyongo.

Kinachoniudhi ni kwamba ule wavu mweusi wa mgongoni, uliotoa joto nje na kumwezesha fundi kuona kila kona ya bomba, sasa katika nyingi umefichwa ndani ya kuta na kuzungushiwa povu gumu. Likitoboka bomba humo, unaambiwa ukanunue friji nyingine. Wapo pia wanaojaza gesi bila kuvuta hewa, na wanaotia gesi ya jikoni kwenye friji isiyoundwa kwa gesi inayowaka. Huo ni uhalifu.

Kijana nilimwambia hayo yote jioni ileile, na kwamba R600a inashika moto: taa hii ikiwashwa mahali inapovuja hiyo, itaunguza aliyeishika. Akauliza sasa mafundi wananusa kwa kutumia nini. Nikamtaja mwanafunzi wa mwisho wa ami, mwenye karakana Muheza, anayebana viungo vya mabomba kwa koleo maalumu bila kuchomelea. Jumamosi watakwenda wote wawili, yeye na baba yake.