Salamu Kutoka Tanga



Sisi tunaosomesha watoto Kurani hapa Tanga, kwa muda upatao miaka thelathini sasa, tuna mazoea ambayo majirani wameyajua na wengine wameyastaajabia. Twakusanya kadi za posta za zamani, khasa zile zilizochapwa kwa kuusifu mji wetu au kutoa salamu kwa jina lake. Mara nyingi tumeulizwa: mwalimu wa chuo ana haja gani na karatasi za Wadachi na Waingereza? Swali hilo ni la haki, na mwenye kuuliza kwa adabu yapasa ajibiwe. Basi hapa twajaribu kulijibu, na ndani ya jibu letu imo habari ya kadi chache zilizotupa taabu kubwa kuliko nyingine zote.

Kwanza tueleze kadi hizi zilitoka wapi. Kadi ya posta ya kwanza iliyotolewa na serikali ilitolewa katika Dola ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Mwaka 1874 mataifa 22 yakakutana mjini Bern na kupatana juu ya taratibu za kupelekeana barua, na baada ya hapo kadi zikaweza kusafiri dunia nzima kwa gharama ndogo. Wadachi wakazidisha kwa kuchapa upande mmoja picha za mji kwa rangi, na juu yake maneno “Gruss aus”, yaani “Salamu kutoka”, kisha jina la mji. Msafiri hakuwa na kazi ila kutia jina lake na kupeleka. Nchi yetu ilipokuwa chini yao, Tanga nayo ikapata kadi zake: “Gruss aus Tanga”, yaani “Salamu kutoka Tanga”.

Mambo yanayoonekana katika kadi hizo ni machache na yanarudiwa. Iko bandari, na mashua za kushusha abiria. Kwani meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali, na hali hiyo iliendelea mpaka bandari ilipochimbwa na kupanuliwa miaka hii ya karibuni. Iko minazi, na nyumba za Wazungu zenye roshani pana. Iko stesheni ya reli, nayo ina haki ya kuonyeshwa, maana reli ya kwanza katika nchi hii ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Yako na mashamba ya mkonge, mmea ulioletwa kutoka Florida mwaka huohuo wa 1893 na Bwana Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mkoa wetu ukawa mkoa wa katani.

Vijana wetu hupenda kujua jinsi tunavyoutambua umri wa kadi isiyo na tarehe. Elimu hiyo si ngumu. Geuza kadi nyuma. Ikiwa upande wote ni wa anwani peke yake, na mwenye kupeleka amebanana kuandika maneno yake pembeni mwa picha, basi kadi hiyo ni ya zamani sana. Kwani Waingereza waliruhusu kuugawa upande wa nyuma mara mbili mwaka 1902, na Wadachi mwaka 1905. Ikiwa iko stempu yenye merikebu ya Mfalme wao, huo ni wakati wa Wadachi. Thamani ikiandikwa kwa pesa ni ya mwanzo, na ikiandikwa kwa hela ni ya baada yake. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916. Stempu zilizopigwa chapa ya herufi G.E.A. zilifuata mwaka 1917, na zenye kichwa cha twiga na jina la Tanganyika mwaka 1922. Hivyo mtoto aliyezisoma stempu amesoma na tarikhi ya nchi yake, wala hakuhisi kuwa yumo darasani.

Sisi tunazo kadi 43. Ya kwanza tuliipata ndani ya kitabu kilichouzwa sokoni pamoja na vitu vya nyumba moja iliyohama. Nyingine tumepewa na wazee, nyingine tumenunua kwa thamani ndogo, na nyingine zimeletwa na wanafunzi wetu wa zamani walioko Maskati na Ulaya, ambao hawajasahau alichokipenda mwalimu wao. Twaziweka katika mkebe mkavu pamoja na majani ya mwarobaini, maana pwani hii ina unyevu, na wadudu hawachagui karatasi ya kula.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba upande wa mbele wa kadi na upande wa nyuma aghlabu havipatani. Mbele mji unasifiwa kwa rangi nzuri, bahari buluu na mawingu mekundu. Nyuma, katika zile tulizosomewa na mwenye kujua Kidachi, mwandishi analalamika: joto, homa, mbu, na meli inayokawia. Watu wa Tanga tuna msemo mashuhuri wa waja leo waondoka leo. Kadi hizi zilikuwa za watu wa namna hiyo: wamefika, wamenunua salamu iliyokwisha kuchapwa, wameondoka. Hatuwalaumu kwa hilo, kwani mgeni hupenda kwa kadiri ya siku zake. Lakini tusiyachukue mapenzi ya siku mbili kuwa ndiyo kipimo cha mapenzi ya mji.

Walikuwako waliousema mwambao huu kutoka ndani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya Wadachi kuutamalaki Mrima, akawahifadhi watu na majina yao. Katika skuli ya serikali ya hapa Tanga lilichapwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, lililodumu mpaka mwaka 1916, na wasomaji wa sehemu nyingi walipashana habari humo kwa lugha yao wenyewe. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Machui, tarehe 1 Januari 1909, akazikwa huko huko mwaka 1962, hakuwa na haja ya kadi yenye rangi kuonyesha kwamba kwao ni kwao.

Sasa twaja kwenye zile kadi zenye taabu. Katika mkebe wetu zimo saba zenye picha za wanawake wa pwani na wa bara, waliosimamishwa mbele ya mpiga picha bila ya stara. Chini yao hapana jina la mtu. Limeandikwa kabila tu, au neno “mwanamke”, kama vile iandikwavyo “mnazi” chini ya mnazi. Na juu ya mojawapo yamechapwa maneno yaleyale: “Salamu kutoka”. Sisi twajiuliza: ni nani aliyekuwa akitoa salamu? Bibi yule hakumsalimu mtu. Hakuijua kadi, wala hakujua itakwenda wapi. Hatukuziweka pamoja na nyingine, tulizitia ndani ya bahasha, tukaifunga, na juu yake tukaandika: “Hawa ni mama zetu.”

Mwaka mmoja alitujia mnunuzi wa vitu vya kale, mtu mpole na mwenye maneno mazuri. Aliziangalia kadi za bandari na za reli, akatoa bei ndogo. Kisha akauliza kama hatuna zenye watu. Alipofahamu habari ya bahasha, akataja bei kubwa kwa zile saba, bila hata ya kuziona. Bei hiyo ingetosha mabati ya upande mzima wa paa la chuo, na paa letu lilikuwa linavuja. Masika yalikuwa karibu.

Jambo hili hatukuliamua peke yetu, kwa kuwa chuo si mali yetu. Tulilipeleka kwa wazee wa kamati. Mmoja wao, mtu tunayemheshimu, alisema: “Maalim, mabibi hao wamekwisha kufa, Mungu awarehemu. Watoto wako hai, nao wananyeshewa.” Hayo si maneno ya kupuuzwa. Sisi tulijibu kwamba aliyekufa heshima yake haikufa pamoja naye, ndiyo maana twamwosha kwa stara na kumfunika. Mara ya kwanza mabibi hawa waliuzwa bila ya wao kujua. Tukiziuza leo, tutakuwa tumewauza mara ya pili, na safari hii wauzaji ni wajukuu wao. Mzee mwingine akauliza: mbona basi tusizichome moto? Tukasema: tukizichoma, yatapotea mambo mawili, dhuluma yenyewe na ushahidi wake.

Wazee walizungumza mpaka adhana ya Magharibi. Mwisho walikubali tuuze kadi za bandari na za reli ambazo tulikuwa nazo mbilimbili, na bahasha ibaki imefungwa. Fedha iliyopatikana ilinunua mabati matatu. Masika yale watoto walisoma wamesongamana upande mmoja, na juzuu zikahamishwa mara kwa mara kukimbia matone. Paa lilikamilika mwaka wa pili kwa michango ya wazazi. Yule mzee wa kwanza hakubadili rai yake mpaka leo, nasi hatumwoni kuwa mkaidi. Alikuwa akiwatetea walio hai.

Pengine msomaji atauliza: je, mapenzi ya mji yana mahali katika dini, au ni pumbao la watu wa dunia? Hapa yapasa tuwe waangalifu. Yako maneno yaliyoenea sana kwamba kuipenda nchi ni katika imani, na wengi huyataja kuwa ni hadithi. Wanazuoni wa hadithi hawakuyathibitisha kuwa ni ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ingawa Imamu Sakhawi aliiona maana yake kuwa ni sawa. Lakini hatuna haja ya maneno yasiyothibiti ilhali tunayo yaliyothibiti. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume alipotoka Makka aliusemesha mji ule kwa uchungu, akaueleza kwamba lau si watu wake kumtoa, yeye asingeuacha. Na katika Bukhari imo habari kwamba alipokuwa akirejea safarini na kuziona kuta za Madina, alimharakisha mnyama wake kwa kuupenda mji. Hata mlima wa Uhud alisema unatupenda nasi twaupenda. Basi mapenzi ya mahali hayakukatazwa. Lililokatazwa ni mapenzi yanayomfanya mtu adhulumu kwa ajili ya mji wake, au amdharau mtu wa mji mwingine.

Tena tuangalie mapenzi hayo yalivyokuwa. Yalikuwa na machungu ya kutoka na haraka ya kurudi. Hayakuwa maneno yaliyochapwa na mwingine. Siku hizi vijana huvaa fulana zenye alama ya moyo mwekundu na jina la mji. Alama hiyo ilibuniwa na Milton Glaser kwa ajili ya kampeni ya New York mwaka 1977, ikaenea ulimwenguni. Hatuwakatazi kuivaa. Twawauliza tu: ukiivua fulana, utausema mji wako kwa neno gani la kwako?

Swali hilo tuliwapa wanafunzi wetu wakubwa. Tuliwakatia karatasi ngumu, tukawaambia kila mmoja aandike salamu kutoka Tanga kumpelekea mtu wake aliye mbali, kwa sharti asiandike sifa ambayo mgeni wa siku moja angeweza kuiandika. Waliketi kimya kirefu. Kisha mmoja akaandika kwamba Ngamiani barabara zina namba, lakini mama yake humwelekeza mgeni kwa majina ya wazee waliokaa humo. Mwingine, mwenye nduguye anayefanya kazi Maskati, aliandika sentensi moja tu: kwamba mwembe alioupanda umezaa, na bibi anamwekea maembe mpaka yanaoza. Hakuandika kwamba Tanga ni nzuri. Lakini tulipata habari kwamba nduguye aliyepokea kadi ile aliiweka katika kurani yake, na mwezi wa Ramadhani alikuja kwao baada ya miaka sita.

Kwa hiyo, ndugu zetu, jibu letu ni hili. Twazikusanya kadi hizi kwa sababu zinatuonyesha mambo mawili: uso wa mji wetu ulivyokuwa, na jinsi mji unavyoweza kusifiwa na wenyewe wakasahauliwa. La kwanza ni faida, la pili ni onyo. Nasi twawaomba wazazi jambo jepesi. Fungueni makasha yenu. Picha mtakazozikuta humo, za harusi, za Maulidi, za babu amesimama mbele ya duka, zichukueni mkawaulize wazee wangali hai: huyu ni nani, na hapa ni wapi? Kisha andikeni majina yao nyuma kwa kalamu ya risasi, maana wino hupenya na kuharibu. Msingoje kesho. Wale mabibi saba hakuna wa kuwaulizia tena, na bahasha yao ingali imefungwa kwetu kwa jina moja tuliloweza kuwapa.

Wabillahi taufiq.