Chakula cha Jumapili Kamalondo

Msafiri afikaye Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville hata mwaka 1966, apite mtaa wa Kamalondo siku ya Jumapili, watu watokapo Misa. Saa tano wakati wa chai umepita, na adhuhuri haijafika; basi wengi huviunganisha vyakula viwili kuwa kimoja.

Katika nyumba moja ya chakula, waliotangulia huondoka wakiisifu: bukari ya moto, sombe iliyotwangwa vizuri, samaki wa Kasenga, wa mto Luapula. Waliochelewa hunung'unika: wamengoja saa nzima, bukari imepoa, samaki amekwisha.

Nani asema kweli? Wote. Mpishi ni mmoja, na moto wa makala haujui haraka ya mwenye njaa. Hilo husameheka. Lakini ubao wa mlangoni bado huahidi samaki! Mama mmoja, aliyeweka akiba juma zima ili awafurahishe watoto wake watatu, aliambiwa habari hiyo baada ya kungoja sana. Aliwashika mikono, wakatoka kimya.

Mwenye nyumba angeufuta ubao mapema, asingepoteza mgeni. Ahadi ni deni.