Herufi Isiyo Yetu

Alfabeti yetu haina herufi X. Mshairi aweza kumaliza umri wake akitunga, asiihitaji hata mara moja. Hata hivyo, ni Watanzania wachache leo wasioijua. Huandikwa kwa rangi ukutani, na maana yake ni kwamba nyumba hiyo imo ndani ya hifadhi ya barabara na itavunjwa.

Mimi ni mtu wa kisiwani, lakini suala hili lilianza kunishughulisha nilipokuwa nikisomesha Gulwe, wilaya ya Mpwapwa. Gulwe ni mahali palipozoea kupitiwa. Reli ya kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, inapita hapo. Na reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, nayo inapita upande huo. Wazee wa Kigogo walinisimulia habari za Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zamani watu waliishi katika matembe yaliyotawanyika, kila mtu karibu na shamba na ng'ombe wake. Wakaambiwa wakusanyike vijijini, wapate shule, maji na zahanati. Baadaye operesheni ikaenea Bara nzima, na vijiji vingi vikapangwa kandokando ya barabara, kwa sababu huko ndiko lori hupita.

Basi watu hawakuifuata barabara kwa uroho. Wengi waliitwa.

Maneno ya wazee hao yalinirudia mwaka 2017, zilipovuma habari za bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, pembezoni mwa Dar es Salaam. Hifadhi ya hapo ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Serikali ilisema kwamba mipaka hiyo iliwekwa na sheria za zamani, na aliyejenga ndani yake ni mvamizi asiyestahili fidia. Wakazi walijibu kwamba wamekaa hapo miaka mingi, wengine tangu enzi za vijiji vya ujamaa, na kwamba umeme na maji waliletewa na mashirika ya serikali hiyo hiyo. Walikwenda mahakamani. Nyumba zilivunjwa, na nyumba za ibada pamoja nazo. Leo kuna barabara ya njia nane, kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, na msafiri mwenye haraka hawezi kuibeza.

Herufi hiyo ina rangi mbili. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Aliyeangukia katika nyongeza hiyo hupigwa X ya kijani, naye hulipwa. Aliyemo katika mpaka wa zamani hupigwa nyekundu, halipwi. Majirani wawili waliojenga mwaka mmoja, kwa udongo mmoja, hutenganishwa na kopo la rangi.

Sheria yetu si bubu katika jambo hili. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, haichukuliwi bila fidia ya haki. Kesi hiyo nayo ilizaliwa na uhamishaji wa watu vijijini.

Nasi wa visiwani tusidhani kwamba haya ni ya Bara tu. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yalisimamishwa juu ya mitaa ya Ng'ambo iliyobomolewa, kandokando ya barabara mbili pana zinazokatana. Atazamaye ramani ataiona herufi ile ile, imeandikwa kwa lami.

Sijakutana, Gulwe wala kwingineko, na mtu aichukiaye barabara. Mgonjwa huihitaji, na mkulima huihitaji. Wanachodai watu ni kile ambacho kila mgeni wa pwani na wa bara hukitoa mlangoni kabla ya kuingia: hodi. Hodi husubiri jibu. Humpa mwenye nyumba nafasi ya kuuliza atakwenda wapi, atalipwa nini, na makaburi ya wazee wake yatahamishwa na nani. Herufi X haisubiri jibu, wala hakuna neno la Kiswahili liwezalo kuanza nayo.