Dakika Saba

Mara ya kwanza nilifeli kwa sababu ya adabu.

Karatasi mbili za maandishi nilikwishazipita. Maswali 150 kila moja, saa tatu umeinamia kompyuta. Karatasi A ni sayansi: dawa zinavyofanya kazi mwilini, hata historia ya fani. B ni tiba, na theluthi yake kuchambua tafiti, takwimu tupu. Hayo yanakaririka, na aliyepita madrasa Tanga haogopi kukariri. Kilichobaki niwe mwanachama wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili, Uingereza, ni CASC, mtihani wa vitendo ambao huukaribii kabla ya miezi 24 ya kazi kwenye idara za akili. Vituo 16, nusu asubuhi, nusu mchana. Mchana unasimama mlangoni sekunde 90 ukisoma maelezo, kengele inalia, unaingia. Ndani yumo mwigizaji aliyejivika ugonjwa wa mtu, na mtahini pembeni, kimya kama pazia. Dakika saba.

Kituo kilichonimaliza kilikuwa cha mzee aliyefiwa na mkewe. Nikampa pole. Nikauliza usingizi, chakula, watoto. Kwetu neno zito unalizunguka kwanza, kama mgeni anayepiga hodi akiwa bado uani. Nafungua kinywa kumwuliza kama na yeye anataka kufa, kengele hiyo.

Na ada ya mtihani ule haikuwa ya kuchezea.

Aliyenifunza upya ni mke wangu, Mama Salma, jikoni, simu ikihesabu dakika juu ya kopo la unga. Yeye mgonjwa, mimi daktari. Siku za mwanzo alikuwa akicheka. Usiku mmoja nikamwuliza kavukavu: "Umewahi kufikiria kujiua?"

Akaacha kusukuma chapati.

"Ule mwaka tuliofika," akasema, "wewe zamu za usiku, mimi na mtoto na baridi. Mara mbili."

Simu ikalia wee, hakuna aliyeizima. Tuliongea mpaka madonge yakaota ngozi juu ya kibao. Miaka mitatu nalala naye kitanda kimoja, kazi yangu ni kuuliza watu swali hilo hilo.

Nilirudia mtihani. Safari hii neno lile nililitoa dakika ya pili, na mwigizaji akashusha pumzi kana kwamba alikuwa akilingoja.

Matokeo aliyaona Mama Salma kwanza, kwenye simu yangu.

"Umepita, Baba Salma. Haya, niulize tena."

Nikavuta kiti.